Bakteria wa Mama Pulchérie

Kwa miaka sita sasa Pulchérie anaua bakteria. Kazi hiyo anaifanyia ufukweni mwa ziwa, mjini Baraka, tangu jua linapochomoza nyuma ya rasi ya Ubwari hadi saa nne, akiwa na meza ya mbao, ndoo yenye mfuniko, na bomba la sindano ambalo sindano yake iling'olewa zamani. Wanawake wanapanda kutoka majini na mabidoni yao, madumu ya njano ya maji, wanayatua mbele yake, naye anavuta klorini, anaimimina ndani, anamtazama mwenye bidoni usoni na kumwambia asubiri nusu saa kabla ya kunywa. Anasema hivyo kwa mtu aliyekuja jana, na juzi, na kila siku tangu mwaka uanze. Hakuna bidoni linalopita meza ile bila kutiwa dawa. Ndiyo sheria ya ufukwe tangu kipindupindu kilipozoea kurudi Baraka kila mwaka.

Wazee hulalamika kwamba maji yananuka hospitali. Pulchérie huwajibu bila kuinua kichwa, kwa sauti ya mtu anayehesabu: klore haiue muntu, baba, mikrobe ndiyo inaua. Kamati ya maji ilimchagua kwa sababu mkono wake hautetemeki na hauna upendeleo. Dada yake anapata kipimo kilekile anachopata mke wa askari. Bidoni moja tu ndilo hupata zaidi, la kwake mwenyewe. Hilo huliongezea matone mawili matatu juu ya kipimo, kama mtu anavyojiongezea chumvi, kwa sababu amewaona watu wengi wakibebwa kwa machela na hataki kumwona wa kwake.

Alasiri anavua fulana ya kamati na kuwa mtu mwingine. Nyuma ya nyumba yao, karibu na soko, ana mikeka, visu vilivyolika makali, kinu, na lundo la mihogo lililofunikwa kwa majani ya migomba na kukandamizwa kwa mawe. Unga wake unajulikana. Alifundishwa na bibi yake kule Lubondja, na namna yake ni hii: muhogo unamenywa, unalowekwa hadi ulainike, unatolewa majini, unalundikwa, unafunikwa. Baada ya siku tatu unafunuliwa. Lundo linakuwa na joto kama tumbo la mnyama, na kila kipande kimevaa manyoya, meupe na ya kijivu. Hapo kisu kinafanya kazi. Manyoya yanakwanguliwa, muhogo unaanikwa, unatwangwa, na bugari, ugali wa huko, linalopatikana lina utamu fulani wa mbali ambao mtu wa Fizi akiukosa ugenini hulala na njaa akiwa ameshiba.

Mgeni akiona lundo lile anaweza kuziba pua. Lakini kuna nchi ambako watu hulipia ghali jibini yenye mishipa ya buluu, na nyingine ambako wali huoteshwa kuvu kwa makusudi, kwa heshima kabisa, ili kupikia mchuzi. Watu wa milima ya Ubembe nao wana ya kwao. Pulchérie hakuwahi kusikia habari za jibini. Yeye alikuwa na maelezo yake mafupi, aliyowapa wasichana waliokuja kujifunza: kuvu ni nguo tu. Muvue muhogo nguo, muhogo mwenyewe yuko ndani.

Tatizo lilianza pale alipoyachukua maneno hayo na kuyapeleka kwenye mahindi.

Yalikuwa magunia kumi aliyoagiza kutoka Kilembwe. Lori lililoyaleta lilikaa njiani siku tisa, siku tano kwenye matope na nne kwenye vizuizi, na turubai lake lilikuwa na matundu. Pulchérie alipofungua gunia la kwanza joto lilimpiga usoni, na mkono wake ulitoka na vumbi la kijani lenye umanjano. Hakushtuka. Aliyaosha mahindi yale kwa maji mengi, akayasugua kwa viganja, akayaanika siku nne huku akiyageuza kila saa. Yalipokauka yalikuwa safi, yananukia nafaka. Hakuyasaga kwa ajili ya watu, maana rangi ilikuwa imepungua. Alianza na magunia mawili, akachanganya na pumba za mpunga na ndagala, dagaa wa ziwani, zilizovunjika, akapata chakula cha bata. Mwaka huo kila mtu kati ya Baraka na Lusenda alikuwa anafuga bata.

Wa kwanza kuchukua alikuwa Kanyange. Huyu alikuwa Mrundi wa upande wa Rumonge, mkulima, ambaye alivuka ziwa na kupewa kibanda katika kambi ya wakimbizi ya Lusenda, na kwa karibu miaka kumi alikuwa ameishi bila shamba. Alikuwa anasema bata ndiye mfugo wa mtu aliyenyang'anywa ardhi, kwa sababu anaridhika na dimbwi. Alikuwa na vifaranga thelathini, wa kuanzia. Alimwamini Pulchérie kwa sababu ya unga wake wa mihogo, na kwa sababu Warundi nao wanajua muhogo wenye manyoya. Katika jambo hilo wanawake hawa wawili walielewana bila kufasiriana.

Baada ya wiki mbili Kanyange alishuka kwenye pikipiki mbele ya nyumba ya Pulchérie akiwa na kikapu kilichofunikwa kitenge. Hakukaa alipokaribishwa. Alifunua kitenge, na ndani mlikuwa na vifaranga watatu waliokufa, shingo zimepinda nyuma, miguu imekuwa ya zambarau. Ishirini wengine alikuwa amewazika. Saba walikuwa bado wanatembea, kwa shida.

“Mama Pulchérie,” alisema, “mi sikuye kugombana. Nilileta tu, uone na macho yako.”

Ingekuwa afadhali angegombana. Pulchérie alitafuta la kusema, akauliza kama bata walipata baridi, kama walikunywa maji mabaya, kama kulikuwa na ugonjwa kambini. Kanyange alijibu kila swali kwa adabu, hapana, hapana, hapana. Kisha akasema kwamba jirani yake wa ukuta mmoja ana bata kumi na wawili, wanaogelea dimbwi moja na wa kwake, na wote ni wazima, ila wanakula mabaki ya jikoni. Akaacha kikapu pale pale, akapanda pikipiki iliyomleta na kuondoka.

Habari haikuhitaji pikipiki. Kesho yake sokoni mwanamke mmoja aliyeagiza debe la chakula cha bata alisema hakihitaji tena, bata wake wameanza kula majani. Mwingine alipita upande wa pili wa njia. Hakuna aliyetamka kitu. Katika nchi ile, kusema kwa sauti kwamba chakula cha mwanamke fulani kina sumu ni kama kuwasha kiberiti chini ya paa lake, na watu wenye huruma hunyamaza kwanza ili waone.

Ndiyo maana Wilfried, alipokuja, aliongea kwa sauti ya chini. Alikuwa agronome, mtaalamu wa kilimo wa chama kimoja cha wakulima, kijana wa palepale Baraka, ambaye utotoni Pulchérie alikuwa akimbeba mgongoni wakati mama yake yuko sokoni. Aliomba wembe na jani la mgomba, akampasua kifaranga mmoja wa kikapuni nyuma ya jiko, akamwonyesha ini. Lilipaswa kuwa jekundu lenye weusi. Lilikuwa limevimba, rangi ya ndizi iliyoiva nusu.

Alimweleza polepole. Kuna kuvu, alisema, ambalo likikaa kwenye mahindi au karanga zilizolowa linaacha sumu ndani ya punje. Sumu hiyo haina harufu wala rangi. Ukiosha, kuvu linaondoka na sumu inabaki. Ukianika, inabaki. Moto wenyewe unaipunguza kidogo tu. Bata ndiye mnyama wa kwanza kuanguka, na kifaranga wa bata kabla ya bata mkubwa. Mtu haanguki, mtu anakula miaka na miaka na ini lake linaoza taratibu.

Pulchérie alisema bibi yake alikwangua kuvu miaka sitini na alikufa akiwa na meno yote. Wilfried akakubali kwamba manyoya ya muhogo mara nyingi ni ya ukoo mwingine. Halafu, kwa kuwa alikuwa mkweli kuliko alivyokuwa mwerevu, akaongeza kwamba hata hayo, kama angeulizwa yeye, angeshauri yaachwe.

“Wewe,” alisema Pulchérie, “nilikufuta makamasi na hii mukono. Leo unakuya kunifundisha muhogo?”

Kijana aliomba radhi. Lakini hakuondoka. Alikaa kwenye kinu kilicholala, akasubiri hasira ipite, na ilipopita alimwambia jambo la pili, ambalo lilikuwa la ajabu kuliko la kwanza. Huko Bukavu, katika maabara ambayo chama chao kilikuwa kinashirikiana nayo, walikuwa wanajaribu aina fulani za bakteria. Wengine wanaishika sumu ile na kuing'ang'ania ili ipite tumboni bila kuingia kwenye damu. Wengine wanaivunja kabisa, wanaila kama chakula. Ukiwalisha vizuri ndani ya uji wa mahindi uliopoa, wanazaliana, uji unachacha, na baada ya siku tatu sumu inakuwa imepungua, wakati mwingine sana, wakati mwingine kidogo. Ilikuwa bado majaribio. Ilikuwa kwa wanyama peke yao, kwa watu bado kabisa. Yeye alipewa pakiti mbili za unga wa bakteria hao. Alikuwa anatafuta mahindi mabaya ya kuwajaribia, na Pulchérie alikuwa na magunia manane.

Pulchérie alicheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Asubuhi anaua bamikrobe, alisema, na jioni huyu mtoto anataka awalishe. Mume wake Casimir, aliyekuwa anashona wavu kivulini, alisema ni haki yao. Wameteswa miaka sita na mke wake na hatimaye wamepata pa kupeleka mashitaka.

Lakini alikubali. Magunia yale manane hakuyafikiria sana. Alifikiria namna Kanyange alivyokataa kukaa. Katika maisha yake yote watu walikula kutoka mkononi mwake, kwanza unga, halafu maji, na sasa kulikuwa na mwanamke mmoja Lusenda aliyejua kwa hakika kwamba mkono huo umeua. Alichotaka ni jambo moja tu, Kanyange apokee tena chakula kutoka kwake na kuwapa bata wake saba. Mengine yote yangefuata au yasifuate.

Wakaanza. Wilfried aliosha pipa la plastiki, wakakoroga mahindi yaliyosagwa na maji, wakatia maji ya muwa ili bakteria wapate cha kuanzia, wakamimina pakiti ya kwanza. Pulchérie alilifunga pipa kitenge mdomoni. Wilfried aliandika saa kwenye daftari.

Siku ya kwanza hakuna kitu, na Wilfried alisema ni kawaida. Siku ya pili hakuna kitu. Siku ya tatu uji ulikuwa umekaa vilevile, mtulivu, umetengana na maji yake juu, unanuka unga uliolowa tu. Wilfried aliulaumu usafiri. Pakiti, zilipofika Uvira kutoka Bukavu, zililetwa kwa pikipiki, ndani ya mkoba, juani. Huenda walikufa njiani. Alikuwa anaongea upesi kama mtu anayejitetea mbele ya mkubwa wake.

Pulchérie hakuwa anamsikiliza. Alikuwa ameweka kiganja ubavuni mwa pipa. Kitu kinachochacha anakijua kwa mkono kabla ya pua. Kinakuwa na joto, na ukitega sikio kinanong'ona, vipovu vinapanda na kupasuka. Pipa hili lilikuwa baridi na kimya. Hata mihogo iliyolowekwa bila pakiti ya mtu yeyote, kwa maji ya mto kule Lubondja, siku ya tatu ilikuwa inaongea. Uji wa mahindi hauwezi kunyamaza hivyo wenyewe. Ni lazima mtu aunyamazishe.

Akauliza maji waliyatoa wapi. Wilfried akaonyesha bidoni lililokuwa mlangoni mwa jiko, bidoni la nyumbani.

Wiki hiyo wagonjwa walikuwa wameongezeka, kamati ilikuwa imeagiza kipimo kipandishwe, na yeye alikipandisha, na juu ya hapo akalitilia bidoni lake matone yake ya kawaida. Hakupunguza tone hata moja. Alifungua mfuniko, akanusa.

“Ni mi niliwaua,” alisema. “Bote. Na hii mukono.”

Wilfried alijishika kichwa. Katika daftari lake kulikuwa na joto, saa, uzito wa mahindi, kila kitu isipokuwa hilo, kwa sababu Baraka hakuna anayekumbuka kwamba maji yana klorini, kama ambavyo hakuna anayekumbuka kwamba hewa ina vumbi. Ilibaki pakiti moja. Alisema wanaweza kuyachemsha maji yaleyale na kuyaacha wazi, klorini itatoka. Pulchérie akamuuliza itatoka yote? Akasema nadhani. Ni kiasi gani kilichomo? Hakujua, na yeye aliyetia hakujua pia, maana matone ya hofu hayapimwi. Kwa pakiti ya mwisho Pulchérie hakutaka nadhani. Alitaka maji ya ziwa ambayo hayajaguswa, ayachemshe mwenyewe jikoni.

Mvua ilikuwa imekwisha tangu Mei, mapipa ya chini ya paa yalikuwa makavu. Angeweza kwenda mbali, nyuma ya miamba, mahali pasipo na meza. Alilifikiria hilo. Lakini mtu wa klorini akionekana anachota maji kwa kujificha, wiki ambayo bata wamekufa kwa chakula chake, hakuna maelezo yatakayomwokoa. Basi kesho yake asubuhi, siku ya zamu ya Dieumerci, mwenzake waliyepokezana naye meza ya klorini, alishuka ufukweni na bidoni lake kama mama mwingine yeyote. Akaingia maji hadi magotini, akachota, akapanda, akaipita meza.

Foleni nzima iliona. Dieumerci alikuwa kijana wa mdomo mwepesi, na alimwita kwa furaha kubwa.

“Mama Pulchérie! Ao klore inaogopesha wenye kuijua?”

Watu wakacheka. Pulchérie akasimama. Alikuwa na majibu tayari. Angeweza kusema ni ya kufulia, au ya kumwagilia mboga, na Dieumerci angemwacha aende, kwa heshima ya umri wake. Jibu lilimfika hadi kwenye ulimi. Ila kwa miaka sita alikuwa amewakatalia wanawake haohao maneno hayohayo, ya kufulia, ya kumwagilia, akiwaambia maji hayajui yameahidiwa kazi gani.

Akatua bidoni mchangani. Akawaambia. Hakuzungusha maneno. Alisema mahindi ya Kilembwe yalikuwa na kuvu, na yeye aliyaosha na kuyaanika kama anavyofanya muhogo, akidhani inatosha, na haikutosha. Sumu ya kuvu ilibaki ndani, na bata wa Kanyange wa Lusenda, ishirini na watatu, walikufa kwa chakula chake. Hakuna mtu mwingine aliyetia kitu. Alisema kuna bakteria wanaoweza kuipunguza sumu ile, kwamba wale wa kwanza amewaua mwenyewe kwa klorini, na kwamba maji haya anakwenda kuyachemsha ili wa pili waishi. Mwenye chakula chake nyumbani asimpe mnyama tena, akirudishe.

Mwanamke mmoja akasema taratibu, kama anayejisemea, basi ndiyo maana kuku wangu wawili wamekufa. Dieumerci aliinamisha macho kwenye ndoo yake. Mama mwingine, ambaye Pulchérie alikuwa amemtilia maji dawa tangu mtoto wake wa kwanza, aliuliza kwa ukali:

“Na hii yenye unatutiliaka kila siku, tunajua nini?”

Pulchérie alijitwika bidoni lake na kupanda njia ya nyumbani. Kesho yake, ilipokuwa zamu yake, wanawake saba walikaa pembeni na mabidoni yao wakisema watamngoja Dieumerci. Walingoja hadi jua likawaunguza. Wengine walikuja kwake kama kawaida. Aliwatilia, akawaambia wasubiri nusu saa, na sauti yake ilikuwa ileile.

Maji aliyachemsha katika sufuria kubwa, akayaacha yapoe hadi yakawa na joto la ngozi ya mtoto. Wilfried alitaka kutia kipimajoto. Yeye alikwisha kutia kiwiko. Pakiti ya mwisho ikamiminwa. Siku ile na usiku wake alilifunika pipa kwa vitenge viwili na kulihamisha kufuata kivuli na jua, na Casimir alisema wazi kwamba watoto wake hawakupata kulelewa hivyo. Siku ya pili, kabla ya adhuhuri, aliweka kiganja ubavuni mwa pipa na kukiacha pale. Akamwita Wilfried aweke sikio. Uji ulikuwa unanong'ona.

Kutokana na pipa hilo alichota mbegu ya kuanzishia pipa la pili, na kutoka la pili la tatu, kama anavyofanya mtengeneza pombe, na hapo Wilfried ndiye aliyekuwa mwanafunzi. Alikuwa na vipande vya karatasi vya kupimia sumu, vichache, na alivitumia kwa uchoyo. Walipima kila gunia kabla na baada. Matano yalishuka hadi pale ambapo bata mkubwa anaweza kulishwa. Matatu hayakushuka vya kutosha, hata walipochachusha mara mbili. Pulchérie aliuliza kama bakteria wameshindwa. Wilfried alisema wamekula walichoweza, kilichobaki ni kingi kuwazidi. Magunia hayo matatu yalizikwa kwenye shimo refu pamoja na majivu, na Casimir alilichimba bila mzaha wowote.

Kisha Pulchérie alitafuta bata wawili, dume na jike, akawalisha uji ule mchachu na pumba, kila siku, wiki tano. Wilfried aliwapima uzito kila Jumatatu, wakimpiga mabawa usoni. Walinenepa. Manyoya yao yalishika mafuta na kuanza kung'aa. Katika muda wote huo hakuuza kitu na hakuna aliyeuliza, na Kanyange hakuonekana Baraka.

Kwa hiyo akaenda mwenyewe. Alipanda pikipiki na ndoo ya chakula mbele yake na kikapu mgongoni, akashika barabara ya ziwa kuelekea Lusenda. Kanyange alikuwa anafagia mbele ya kibanda. Aliona kikapu, akaona vichwa viwili vya bata vimechomoza, na uso wake ukakunjamana.

“Sikukuomba ulipe,” alisema. “Bale balikufa, balikufa. Rudi nabo.”

Pulchérie akamwambia hawa si malipo, ni wa kwake na atarudi nao. Akatua ndoo. Kule kwao, Fizi na hata ng'ambo kwa Warundi, mtu anayekupa kinywaji siku ambayo kuna neno kati yenu hukionja kwanza mwenyewe, mbele yako, halafu anakupa. Hakuna anayeeleza kwa nini. Ilikuwa zamu ya Pulchérie kuonja, na wote wawili walijua, lakini Wilfried alikuwa amemkataza na kumwapisha: chakula kile ni cha mnyama, mtu hakitii mdomoni hata kwa ncha ya ulimi.

“Mi siwezi kuonja,” alisema. “Ndiyo maana nilikuya nabo.”

Kanyange alimtazama, akawatazama bata. Kitu fulani kilipita mdomoni mwake, na huenda kilikuwa kicheko, lakini hakukiachia. Alileta beseni. Pulchérie alimimina, akawafungua bata wake miguu, nao wakajitupa kwenye uji ule kama waliotoka kwenye mfungo, wakirusha matone huku na huku.

Sumu ya kuvu haiui bata mzima kwa mlo mmoja. Kanyange alilijua hilo kuliko mtu yeyote, kwa kuwa alikuwa ameitazama ikifanya kazi siku kumi na mbili. Kwa hiyo beseni hakulijali sana. Alipiga magoti akamshika yule jike. Alimpapasa kifua, akafungua bawa na kulitandaza, akafunua kope akatazama jicho, akanusa kinyesi chake kwenye kidole. Aliuliza amekula hiki tangu lini. Wiki tano. Kitu kingine hakula? Hakula. Na mahindi, ni yaleyale? Pulchérie alisema ndiyo, ni yaleyale, na akamweleza habari ya pipa la kwanza na la pili, ya maji, na ya magunia matatu shimoni. Alisimulia pia alichokisema ufukweni.

“Hiyo nilisikia,” alisema Kanyange. “Hapa bote tulisikia.”

Akainuka, akajifuta mkono kwenye kitenge, akaenda nyuma ya kibanda. Pulchérie alibaki amesimama na kamba mkononi. Alisikia mlango wa zizi ukiburutwa. Kanyange alirudi akiwaswaga bata wake kwa fimbo nyembamba, wakubwa sasa, wenye nguvu. Pulchérie aliwahesabu. Walikuwa madume wanne.

“Majike batatu nimeacha ndani,” alisema Kanyange. “Bale bado.”

Pulchérie alisema sawa. Angekuwa yeye, angefanya hivyohivyo. Kanyange alisogeza beseni kwa mguu ili madume wapate nafasi, akamletea mgeni wake kiti, na safari hii yeye mwenyewe pia akakaa.